Leso, Simu na Matabaka ya Rangi: Sanaa ya Kidijitali ya Kijapani Ikitazamwa Kutoka Voi

Tandaza leso ya zamani mezani, uinamie, uitazame pale rangi nyekundu inapokutana na mstari mweusi. Mara nyingi rangi hizo mbili hazikukutana sawasawa. Nyekundu imehama kidogo, ikaacha uzi mwembamba wa kitambaa cheupe, au imeupanda mstari mweusi na kuzaa rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeikusudia. Dosari hiyo ndogo inafichua jinsi nguo ilivyotengenezwa. Kila rangi ilipigwa peke yake, kwa chapa yake, juu ya ile iliyotangulia, na picha nzima ilitegemea chapa hizo ziangukie mahali pamoja. Mama aliyejifunga leso hiyo katika soko la Voi amebeba kiunoni somo kamili la namna picha inavyojengwa kwa matabaka.

Makala haya yanatetea hoja moja. Kijana wa Taita Taveta anayechora kwa kidole kwenye simu, akitumia programu iliyoundwa Japani, hajashika kitu kigeni kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Ufundi huo ulifika pwani ya Kenya kwa meli karibu karne moja iliyopita, ukakunjwa ndani ya masanduku ya akina nyanya. Cha kuazima kutoka Japani ni ufundi wenyewe: kujenga picha kwa matabaka, kubana rangi, kuuamini mstari, na kuchora mahali pa mtu hadi wenyeji wapatambue. Macho makubwa na nywele zilizosimama kama miiba ni pambo la juu, na hapo ndipo wachoraji wengi chipukizi wanapokwama.

Historia ya leso inafaa kutangulia. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kawaida kati ya Japani na Afrika Mashariki, na Mombasa ikawa miongoni mwa bandari zake. Katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Kijapani zilikuwa zimeshika soko la ukanda huu, kwa bei ambayo viwanda vya Uingereza vilishindwa kuifikia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kampuni ya Nishizawa ya Osaka ikawa jina kubwa katika biashara ya leso. Wafanyabiashara wa Mombasa, wakiongozwa na nyumba ya Kaderdina Hajee Essak inayofahamika kwa chapa ya Mali ya Abdulla, walijua wanawake wa pwani na bara wanataka nini msimu huo: korosho kubwa au ndogo, pindo pana au jembamba, jina la kuchoma au la kubembeleza. Mafundi wa Japani waliyageuza matakwa hayo kuwa chapa, pamoja na maneno ya Kiswahili. Kisha mizigo ikapanda treni kutoka Mombasa, ikapita Voi, na mingine ikashika tawi la reli lililojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza kuelekea Taveta. Kwa njia hiyo michoro iliyochapwa Japani ilipanda milima ya Taita muda mrefu kabla ya mtu yeyote Wundanyi kusikia neno manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani.

Tena umbo la leso si geni kwa msomaji wa vitabu vya katuni. Ina fremu, yaani pindo. Ina uwanja wa picha, yaani mji. Ina maneno yaliyowekwa mahali maalumu, yaani jina, ambayo hubadilisha maana ya kila kilichochorwa juu yake. Nanasi lenyewe ni nanasi tu, lakini likikaa juu ya jina la mafumbo huwa ujumbe kwa mke mwenza. Picha na neno vinavyotegemeana ndani ya mstatili mmoja ndio msingi wa katuni za Kijapani, na ndio msingi wa Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili ya Kenya kwa miaka mingi.

Huko Japani kwenyewe mambo yalianza kwa mbao. Mwaka 1765 Suzuki Harunobu na wenzake walianza kutoa picha za rangi nyingi zilizochapwa kwa mbao zilizochongwa, ubao mmoja kwa kila rangi. Ili karatasi ikae palepale kila inapohamishwa kutoka ubao hadi ubao, walichonga alama mbili pembeni ziitwazo kento. Kazi iligawanywa: mmoja alichora, mwingine alichonga, wa tatu alipaka na kuchapa, na mchapishaji alitoa fedha na kutafuta soko. Katsushika Hokusai alipotoa picha yake maarufu ya wimbi, karibu mwaka 1831, buluu iliyoipa nguvu ilikuwa rangi ya viwandani iliyobuniwa Berlin. Japani haikuona haya kuitumia. Iliichukua, ikaipa kazi yake, na leo hakuna anayeliita wimbi hilo la Kijerumani.

Kutoka mbao hadi karatasi angavu za selulosi si mbali. Wahusika wa filamu za katuni walichorwa kwenye karatasi hizo na mandhari katika tabaka lake lenyewe, kisha matabaka hayo yakapigwa picha yakiwa yamepangwa moja juu ya jingine. Tokyo ilihamia kwenye kompyuta hatua kwa hatua. Kampuni ya Celsys, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilitengeneza programu ya RETAS kwa ajili ya studio za katuni, na baadaye Clip Studio Paint kwa mchoraji mmoja mmoja. Kampuni ya Wacom, iliyoanza mwaka 1983, iliwapa wachoraji kalamu isiyo na waya wala betri, inayopokea nguvu yake kutoka kwenye kibao chenyewe. Hata hivyo kipindi cha Sazae-san, cha familia moja ya mtaani, kilishikilia karatasi angavu hadi mwaka 2013. Haki itendeke pia kwa wengine: tabaka kama zana ya kompyuta halikuzaliwa Japani pekee. Photoshop ya Marekani ilipata matabaka mwaka 1994. Lakini zana hiyo ilipofika Japani ilikuta mikono iliyokuwa imeshafikiri hivyo kwa miaka zaidi ya mia mbili, na ndiyo maana programu za Kijapani zimeutunza mstari kuliko nyingine nyingi.

Uchache nao ulichonga mtindo huu. Osamu Tezuka alipoanza kurusha katuni yake ya roboti mvulana, Tetsuwan Atomu, tarehe 1 Januari 1963, alipaswa kutoa kipindi cha nusu saa kila wiki kwa fedha kidogo. Akapunguza idadi ya michoro kwa kila sekunde, akatunza michoro ya zamani ili aitumie tena, akamwacha mhusika asimame tuli huku mdomo tu ukicheza. Vitendo vikapungua, hivyo uso ukalazimika kubeba hisia zote. Macho makubwa yakapata kazi kubwa. Shigetaka Kurita naye, alipobuni vikatuni 176, yaani emoji, vya simu za NTT Docomo mwaka 1999, alipewa uwanja wa pikseli 12 kwa 12. Ndani ya vitone 144 ilibidi aweke moyo, mvua, treni na uso wa huzuni. Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York iliviingiza vikatuni hivyo kwenye hazina yake mwaka 2016. Vitukuu vya vikatuni hivyo hutumwa kila dakika na watu wa Voi wanaoagana kwenye simu.

Sasa tuingie kwenye kibanda kando ya barabara kuu, ambamo kijana amekaa na simu ya bei nafuu iliyopasuka kioo pembeni. Programu anayotumia ni ibisPaint, iliyotolewa mwaka 2011 na kampuni ya Kijapani ya ibis. Inapatikana bila malipo kwa anayevumilia matangazo, inafanya kazi kwa kidole, na huhifadhi video ya hatua zote za mchoro, kwa hiyo kila kazi inaweza kuwa somo kwa mwingine. Anataka kuchora ndovu wa Tsavo.

Ndovu wa Tsavo ni mfano mzuri kupita yote, kwa sababu mwenyewe ni kiumbe wa matabaka. Ngozi yake ni ya kijivu kama ya ndovu mwingine yeyote. Wekundu unaowashangaza wageni ni vumbi na tope la udongo mwekundu wa nyika, anaojimwagia kila siku. Mchoraji anayefuata njia ya Kijapani atamchora kama nyika ilivyomchora. Tabaka la kwanza ni rasimu ya samawati hafifu, itakayofutwa. Juu yake huja mstari mweusi, na hapa programu humsaidia kwa kuuchelewesha mstari kidogo nyuma ya kidole, ili mtetemo wa mkono usawazishwe kabla wino haujakaa. Chini ya mstari anamwaga kijivu. Kisha anafungua tabaka jipya, analibana juu ya lile la kijivu ili rangi isivuke mwili wa ndovu, na kuliweka katika hali ya kuzidisha. Hesabu yake ni nyepesi: thamani ya kila pikseli, kati ya 0 na 1, huzidishwa kwa thamani ya ile iliyo chini yake, kwa hiyo rangi haiwezi kung'aa zaidi, huiva tu. Wekundu unaingia ndani ya kijivu kama tope linavyoingia kwenye mikunjo ya ngozi. Akitaka kumwonyesha ndovu aliyetoka tu majini pale bwawa la Aruba, anafuta wekundu huo kuanzia tumboni kwenda chini, na kijivu kinarudi chenyewe.

Mtu aliyeshindwa kufika hapo kwa rangi za maji anaelewa uzito wa hatua hiyo. Kosa halimgharimu karatasi wala rangi.

Linalomgharimu ni kumbukumbu ya simu. Turubai ya pikseli 2,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 6, na kila pikseli ikichukua baiti 4, tabaka moja linameza megabaiti 24. Matabaka kumi ni megabaiti 240, katika simu ambayo kumbukumbu yake inagawanywa na shughuli nyingine zote. Programu hukataa kuongeza tabaka jingine. Basi kijana wa Voi analazimika kupiga hesabu ileile aliyopiga fundi wa leso, kwa kuwa kila rangi ya ziada ilimaanisha chapa ya ziada na gharama ya ziada: rangi zipi nne zitatosha? Ni kosa kuliona sharti hili kama umaskini wa vifaa peke yake. Tezuka na Kurita walipata mtindo wao ndani ya sharti kama hilo.

Katika ngozi na mwanga, kuiga hakutoshi. Uso wa kawaida wa katuni ya Kijapani hupakwa rangi moja ya ngozi na kivuli kimoja chenye ukingo mkali, na kwa ngozi nyeupe hilo linatosha kuonyesha pua na shavu. Ngozi nyeusi ikitendewa hivyo huzama, kivuli hakionekani, uso unakuwa bapa. Ngozi hiyo husomeka kwa mng'ao: mstari wa mwanga juu ya paji la uso, kwenye mfupa wa shavu na mdomo wa chini, mara nyingi wenye buluu ya anga au wekundu wa udongo uliorudishwa kutoka chini. Mchoraji wa Taita anayejua hili hubadili mpangilio wa matabaka yake, akianza na rangi nzito na kumalizia na nuru.

Jua nalo lina tabia zake. Filamu za Makoto Shinkai zimewafundisha vijana duniani kote kupenda machweo marefu yenye mwanga wa kulala. Voi iko takriban nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu juu ya utosi, kivuli cha mtu kimejikusanya miguuni, na giza la jioni huingia haraka mno hata haliachi nafasi ya kuwaza. Picha ya Voi yenye mwanga wa Tokyo ni picha ya uongo, hata kama kila jani limechorwa vizuri.

Shinkai mwenyewe ana la kufundisha upande huu. Filamu yake fupi Hoshi no Koe ya mwaka 2002, ya takriban dakika 25, aliitengeneza karibu peke yake nyumbani kwa kompyuta ya mezani. Mwaka 2016 ilipotoka Kimi no Na wa, watazamaji walisafiri hadi vijiji vya Hida kutafuta stesheni na vichochoro walivyoviona kwenye filamu. Umahiri wake ulikuwa katika kuangalia: waya za umeme, mashine za kuuzia vinywaji, milango ya treni. Hokusai alikuwa amefanya hivyo kwa mlima Fuji katika mfululizo uliotangazwa kuwa wa picha 36 ukaishia na 46. Katika nyingi ya picha hizo mlima ni mdogo nyuma kabisa, na mbele kuna mtu anayetengeneza pipa au mashua inayopigana na maji.

Anayetoka Voi ana milima ya kutosha kwa mfululizo wa namna hiyo. Kasigau, wenye urefu wa mita 1,641, huchungulia nyuma ya malori ya barabara ya Mombasa. Sagalla uko karibu kiasi kwamba mji unaishi kivulini mwake. Vuria hukusanya mawingu asubuhi. Mistari ya mkonge karibu na Mwatate hukimbilia mbele ya jicho kama mistari ya kupimia umbali katika programu ya kuchorea. Kutoka Taveta, kando ya Ziwa Chala au Ziwa Jipe, Kilimanjaro hujaza upande mzima wa anga. Tuta la reli mpya limekata nyika, na chini ya madaraja yake ndovu hupita. Mambo haya yanangoja kuchorwa kwa subira, mbele yake kukiwa na mchuuzi wa maembe au kondakta aliyening'inia mlangoni mwa matatu.

Kukosa kuangalia kuna gharama, na mfano unatoka kwa bingwa mwenyewe. Tezuka alianza kuchora Jangurutaitei, kisa cha simba mweupe wa Afrika, mwaka 1950, na mwaka 1965 kisa hicho kikawa mfululizo wa katuni za rangi katika televisheni ya Japani. Ulipopelekwa Marekani, mhusika akaitwa Kimba, jina lililogeuzwa kutoka neno la Kiswahili simba. Ni kazi yenye huruma kubwa kwa wanyama, na inastahili heshima iliyopata. Lakini Afrika yake ni Afrika ya kuwazia, na simba wake dume wana manyoya mengi ya shingo kama simba wa nembo. Simba dume wengi wa Tsavo hawana manyoya hayo, au wana machache tu. Wale wawili waliowaua wafanyakazi wa reli kwenye daraja la mto Tsavo mwaka 1898, ambao leo wamehifadhiwa katika Makumbusho ya Field mjini Chicago, walikuwa madume wenye shingo tupu. Mchoraji wa Voi anayempa simba wake shungi la dhahabu kwa sababu ndivyo katuni zinavyofanya, ametupa kitu ambacho yeye anacho na Tezuka hakuwa nacho.

Wapo wanaosema mtindo wa Kijapani utafuta uso wa Kiafrika kabisa, na hofu hiyo haifai kupuuzwa, maana michoro mingi mitandaoni inaithibitisha. Jibu liko katika historia ya pande zote mbili. Tezuka alijifunza macho makubwa kwa kutazama filamu za Walt Disney, na hakulificha hilo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta za kiwandani juu ya vipande vya mbao za bodi, rangi bapa, ukingo mzito, usuli wa rangi moja. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 2000, msanii wa Kijapani Takashi Murakami alitangaza nadharia yake ya ubapa mkuu, akidai kwamba picha za Kijapani, tangu mbao hadi katuni, hukataa kina na kuacha jicho litembee juu ya uso mzima bila kituo kimoja. Anayejua Tingatinga husoma nadharia hiyo kama mtu anayesikia habari za ukoo wake zikisimuliwa na jirani.

Kundi la wasanii wa Kijapani la teamLab, lililoanzishwa mwaka 2001, limeupeleka ubapa huo kwenye kuta. Jengo lake la Tokyo lililofunguliwa mwaka 2018 lilijaa maua ya nuru yanayochanua mtu anaposimama na kupukutika anapoyagusa, kwa kazi ya projekta na vihisio vingi vinavyoongozwa na kompyuta. Lilipokea watu wapatao milioni 2.3 katika mwaka wa kwanza. Ni kazi ya kuvutia, lakini kwa kaunti yenye mahitaji mengi ya bajeti si mahali pa kuanzia. Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi 10 za Kiafrika uliotoka mwaka 2023 ukiwa na kazi ya Mkenya Ng'endo Mukii na Mganda Raymond Malinga, uko karibu zaidi na mikono ya vijana wa Afrika Mashariki. Unaonyesha pia kwamba soko la dunia lipo kwa picha zinazozungumza kutoka hapa.

Mahali pa kuanzia pako. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kina wanafunzi wa kompyuta, na mjini mna wachoraji wa mabango na wa matatu wanaojua mstari kuliko mhitimu yeyote. Warsha ya wiki mbili inayowakutanisha, simu mikononi, inaweza kuanza na zoezi moja: kila mmoja achore leso ya Voi kwa rangi nne, tabaka moja kwa kila rangi, ndovu na mkonge kwenye mji, Kasigau ukizunguka pindo, na jina alilolitunga mwenyewe. Faili ya namna hiyo haihitaji kutafsiriwa kwa mchapaji. Fundi wa kuchapa nguo huomba picha ikiwa imetenganishwa rangi kwa rangi, kila moja na alama za pembeni za kuzilinganisha, na kijana aliyejifunza kwenye simu atampa hivyo hivyo, nyekundu peke yake, nyeusi peke yake, nyeupe ikiwa ni kitambaa kilichoachwa wazi.